Fungua Vitenge, Funga Kapera

Wiki iliyopita nilikwenda Kariakoo kununua rivasi ya gitaa, nikarudi na king'ora cha gari. Usicheke kwanza. Hata wewe ungesimama pale mchana wa jua kali, mkokoteni unakusukuma mgongoni, mwenye mkokoteni anakufokea "Kaa chonjo mama, miguu hiyo!", na kila duka limetoa spika nje inanguruma, ungenunua chochote ili uondoke. Nilimwambia muuzaji nataka rivasi. Akaniuliza ya kumi na mbili au ya ishirini na nne. Nikasema kumi na mbili, bila kujua kwamba anataja volti za betri, maana ilisikika ndogo, na mimi nilikuwa natafuta kidude kidogo cha kukanyaga kwa mguu. Akanifungia vizuri, akaniambia karibu tena.

Nilipofika Ilala kwa mjomba wangu tukaunganisha nyaya, na kile kidude kikaanza kulia tii, tii, tii. Watoto wa jirani wakatoka mbio wakidhani kuna lori linarudi nyuma kuingia sebuleni. Mjomba hakucheka. Alikuwa amekaa na gitaa lake mapajani, amevaa fulana safi kwa ajili ya shughuli hiyo, akanitazama kwa ile sura ambayo nimeichoka tangu utotoni.

"Nimesema rivasi," akasema.

"Sasa hii si ndiyo rivasi, mjomba?"

"Rivasi ya gitaa, we mtoto! Ya gitaa! Mimi nina gari hapa?"

Nina wajukuu, mwenzangu, na bado naitwa we mtoto.

Kidude chenyewe kina jina lake la kizungu, riveb, na kazi yake ni kulitia gitaa la umeme mwangwi. Ukigusa uzi, sauti haifi palepale. Inakwenda, inagonga mahali, inarudi. Bibi yangu, ambaye ndiye mama yake mjomba na ndiye mwenye nyumba tuliyokulia, aliwasikia wanamuziki wakilitaja jina hilo barazani kwake. Akasema kama ni kitu kinachokwenda kisha kinarudi nyuma basi hiyo ni rivasi, mnajitafuna ulimi bure. Tangu siku hiyo nyumba nzima ikasema rivasi. Mjomba amepiga gitaa la solo kwenye bendi za dansi mpaka amezeeka, na mpaka leo anasema rivasi, halafu anashangaa watu wa Kariakoo wakimletea vifaa vya magari.

Ningecheka na mimi kama jambo lenyewe lingekuwa la kuchekesha. Mjomba ana wimbo mmoja wa gitaa, hauna maneno, aliutunga ujanani katika nyumba ile, na haujawahi kurekodiwa. Viongozi wa bendi walitaka nyimbo za kuimbwa, huu ukabaki wake peke yake. Sasa baridi yabisi imemkamata vidole. Asubuhi kidole cha pete hakikunjiki kabisa mpaka akiloweke kwenye maji moto. Nimemwambia, mjomba, piga tu, simu yangu inarekodi vizuri, tuuhifadhi kabla mkono haujagoma. Hataki. Anasema sauti ya chumba chake ni kavu, makochi na mapazia yanaimeza, na wimbo ule hautapigwa ukavu. Kidole kinazidi kukaza, yeye amekaa anasubiri mwangwi. Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi hukasirika mpaka natoka nje kupunga upepo, kwa sababu najua mkono ukigoma wimbo umekwenda, na hakuna mwingine anayeweza kuupiga.

Na kinachoniudhi zaidi, mwangwi wenyewe siku hizi umemwagika Kariakoo bure. Muuza dawa ya mende ana eko. Muuza mashuka ana eko, bei poa, poa, oa, oa. Mhubiri wa kona ana eko, na mshereheshaji wa harusi asipowekewa eko anaona amedhalilishwa mbele ya wakwe. Sauti zimetiwa mwangwi mpaka husikii mtu anasema nini. Halafu mzee mmoja Ilala anataka kidogo tu, cha kutosha wimbo mmoja, na hakipatikani.

Kama umekulia mjini, nyumba yetu utaijua hata kabla sijaieleza. Ilikuwa hukohuko Kariakoo, mtaa wa nyuma ya Msimbazi. Mbele baraza ya saruji, ambapo bibi aliuza vitumbua. Kisha mlango mkubwa, kisha ukumbi mrefu mwembamba unaokwenda moja kwa moja mpaka uani, vyumba huku na huku, kila chumba na mpangaji wake na pazia lake. Uani kulikuwa na jiko, bafu, choo, kamba za nguo, na bata wa bibi waliojiona ndio wenye nyumba. Asubuhi ukumbi ulinukia iliki na moshi wa mkaa. Sakafu yake ilikuwa saruji ya rangi nyekundu, na mimi ndiye niliyeideki kabla ya kwenda shule, nimeinama na tambara kutoka barazani mpaka uani, na haikutokea hata siku moja ikakauka kabla mtu hajapita.

Mjomba hakuwa na rivasi. Bendi yao ilikuwa nayo moja tu, mali ya mwenye vyombo, na haikuruhusiwa kutoka klabuni. Amplifaya na spika zililala kwetu siku zisizo na dansi, maana hakukuwa na mwizi Kariakoo nzima mwenye moyo wa kuingia kwa bibi. Basi mjomba akaamua kutengeneza rivasi kwa nyumba. Hujakosea kusoma, kwa nyumba. Spika aliiweka kule mwisho, kwenye mlango wa uani, ikitazama ndani. Yeye akakaa huku mbele kwenye kigoda, miguu ameinyoosha katikati ya njia, waya mrefu unapita kwenye sakafu niliyoideki. Akigusa uzi, sauti ilitokea kule, ikaja ikigonga kuta na milango hadi kumfikia.

Shida ikawa milango. Mama mmoja mpangaji alikuwa anauza vitenge, na chumba chake kilijaa vitambaa mpaka darini. Mlango wake ukiwa wazi, vitenge vilimeza sauti yote. Mkabala naye alikaa kijana kapera, hana kitu zaidi ya godoro na sanduku, na chumba chake ukikifungua kiliitikia. Mjomba akagundua kwamba anaweza kuongeza na kupunguza mwangwi kwa kufungua huyu na kufunga yule. Lakini yeye alikuwa amekaa na gitaa. Unadhani nani alikuwa anakimbia kufungua na kufunga?

"Fungua Vitenge!" Nilikuwa nasikia hivyo hata ndotoni. "Vitenge kidogo. Kidogo! Nimesema kidogo, we mtoto, si mlango wa msikiti huo! Funga Kapera. Robo. Hapo. Usipumue."

Nilimwambia nina vyombo vya kuosha uani. "Na mimi nina vyombo vya kupiga," akanijibu, akacheka peke yake. Nilikuwa na hesabu za shule, nilikuwa na ndoo za kujaza, nilikuwa na mchezo wa rede na wenzangu nje wananiita, na mimi nimesimama kwenye ukumbi nimeshika komeo la mtu. Siku hizi mtu ananyanyua mguu tu, anakanyaga pedeli, kazi imekwisha. Pedeli ya mjomba nilikuwa mimi.

Wapangaji nao walichoka. Siku moja Mama wa Vitenge alirudi kutoka kwenye meza yake, akakuta bata ameingia kwenye mlango niliouacha nusu, amelala juu ya doti mpya kabisa, na hakulala tu. Ugomvi wake ulisikika mpaka sokoni. Mpangaji mwingine alikuwa kuli wa bandarini, akifanya zamu za usiku na kulala mchana, na mlango wake ulikuwa haramu kuguswa. Alikuwa akitoka amejifunga kikoi, macho mekundu, anasema taratibu kama mtu aliyeshindwa hata kukasirika, "Mwanamuziki, hata meli ikifunga gati huzima injini." Mjomba alimwomba radhi kwa adabu zote. Kuli akirudi kitandani, mjomba alininong'oneza kwamba kuli angekubali kufungua nusu tu, wimbo ungekaa sawa.

Bibi ndiye pekee ambaye hakulalamika, na hilo nalo lilinikera, kwa sababu mimi ningefanya robo ya kelele ile ningechapwa. Alikuwa mnene, na mwendo wake ulikuwa wa taratibu. Ukimharakisha alikuambia mwenda pole hajikwai, kisha akapunguza mwendo zaidi ili ujue. Jirani alipokuja kumshitaki mjomba, bibi alimkaribisha, akampa kitumbua, akamwambia mtoto anayepiga kelele ndani unajua yuko wapi. Jirani akaondoka na kitumbua chake na kesi yake.

Sitakudanganya kwamba nilikuwa mtoto mwenye furaha kwenye milango ile. Nilichukia. Lakini ilifika wakati, alasiri jua likiwa limeingia kwa mlango wa uani, milango yote imekaa anavyotaka, mjomba anaupiga ule wimbo wake, na nyumba nzima inanyamaza yenyewe. Mama wa Vitenge anaacha kukunja nguo. Kapera anasimama mlangoni na mswaki mdomoni. Sauti ilikuwa inakuja laini, inachelewa kidogo tu, unaisikia inakupita na kwenda barazani kwa watu. Nilikuwa nimeshika komeo, nikasahau kwamba nimekasirika. Nilimpenda sana mjomba wangu dakika zile. Halafu anasema "Umelegeza Kapera," na upendo unaisha.

Yameisha yote. Bendi zilikufa moja moja, na vyombo vikauzwa na wenyewe. Kuli alirudi kwao kusini, Kapera akaoa akahama. Bibi alipofariki, warithi walikuwa wengi na nyumba ni moja, unajua inavyokuwa. Ikauzwa, ikavunjwa, likapanda ghorofa. Chini pale wanauza mapazia na mazulia. Niliingia siku moja kwa kisingizio cha kuuliza zulia, nikasimama ninapodhani ulikuwa mlango wa Vitenge, nikamsalimia mwenye duka kwa sauti kubwa makusudi. Sauti yangu haikwenda popote. Mazulia yaliimeza palepale, na mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Basi, baada ya aibu ya king'ora, nikarudi Kariakoo mara ya pili. Safari hii nilitafuta duka la vyombo vya muziki, nikamkuta dada mmoja nyuma ya meza. Sikumtajia rivasi. Nilimwimbia. Nilisimama pale, mwanamke wa umri wangu, na khanga yangu, nikafanya tiiiing na mkono ukionyesha sauti inavyokwenda na kurudi.

"Aah, riveb!" akasema. "Si ungesema tu, mama."

Akanitolea pedeli ndogo ya chuma, yenye vitufe vya kuzungusha, akanieleza bila haraka. "Hapa unachagua. Hii ni chumba, hii ni ukumbi. Hapa unaongeza, hapa unapunguza."

Moyo ulinilipuka. Ukumbi! Kwa muda niliamini kabisa kwamba kule walikotengeneza kuna mtu aliyewahi kupanga Kariakoo. Nilirudi Ilala karibu nikimbie.

Mjomba alichomeka waya, akanyoosha mgongo, akasema weka ukumbi. Nikaweka. Akagusa uzi mmoja. Sauti ikaondoka, ikaenda mbali, ikakaa huko kitambo, ikarudi imevaa suti.

"Ukumbi gani huu?" mjomba akauliza.

"Ukumbi, mjomba. Dada kaniambia ukumbi."

"Hapa wanakaa watu wa mkutano! Kuna jukwaa hapa, kuna viti! Nani alikuambia sisi tulikuwa na viti?"

Nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kukanichosha. Kiswahili chetu kina ukumbi wa aina mbili na jina ni moja. Kuna ule wa harusi na mikutano, ambao ndio aliouweka mwenye kiwanda. Na kuna ule wa nyumba zetu, usiofika hata upana wa mikono miwili, wa kupitia na ndoo. Nikahamia kwenye chumba. Mjomba akasema hiki ni chumba cha nani, hakina hata kitanda. Nikarudisha ukumbi. Akasema ameshaukataa. Nikapeleka vitufe kulia, kushoto, mpaka nikapandisha sauti yangu kuliko gitaa.

"Mjomba, nyumba imevunjwa!" nikamwambia. "Haipo! Hakuna kiwanda duniani kitakachotengeneza ukumbi wa bibi! Vidole vyako vinakufa hapa, na wewe unachagua mwangwi kama mtu anayechagua mchele!"

Nilijuta neno la vidole palepale. Alikaa ameinamia gitaa, anasugua kile kidole cha pete, na mimi nimepiga magoti kwenye zulia, mkono uko kwenye kitufe. Kisha akasema, taratibu kabisa, bila kunitazama, "Fungua Vitenge."

Nikamwangalia. Alikuwa anangoja. Nikazungusha kitufe cha kupunguza.

"Kidogo. Nimesema kidogo."

Nikarudisha nyuma.

"Funga Kapera. Robo."

Nikashika kitufe kile kingine, cha urefu wa mwangwi, nikaukata. Aligusa uzi. Akatikisa kichwa. "Umezidisha, rudisha kidogo. Kuli muache, amelala." Akagusa tena. Tuliendelea hivyo, yeye anataja watu, mimi nazungusha chuma, na sikukosea hata mmoja. Mkono ulikuwa unajua. Mwisho akagusa uzi na sauti ikaja fupi, nene, ina saruji ndani yake, ikachelewa kidogo tu, ikapita. Tulisikia wote wawili.

"Hapo," mjomba akasema. "Usipumue."

Nilileta bakuli la maji moto, akaloweka kidole mpaka kikakunjika. Nikaweka simu kwenye kigoda, nikabonyeza, nikakaa kitini mbele yake.

Akaupiga. Mwenzangu, aliupiga. Vidole vilikuwa vizito kuliko zamani, na kuna mahali aliteleza, lakini wimbo ulikuwa ni ule ule. Nilikaa pale na hasira zangu zote, machozi yananitoka, naomba Mungu kidole kile kihimili mpaka mwisho. Alifika katikati, pale wimbo unapoanza kupanda, ambapo hata mimi najua kinachofuata, na ghafla akasimama. Akalaza kiganja juu ya nyuzi.

Nikakitazama kidole cha pete, nikajua kimegoma. Tumefika hapa, baada ya yote, kimegoma. "Mjomba," nikanong'ona, "kidole?"

Hakuonekana kama mtu mwenye maumivu. Alikuwa ameikunja miguu yake, ameirudisha chini ya kiti, na kichwa amekiinamisha kidogo kwa adabu.

"Ngoja," akasema. "Mama anapita."

Alasiri zile bibi alikuwa akitoka jikoni uani na sinia la vitumbua, anakwenda nalo barazani. Njia ilikuwa moja, na mwanawe amekaa katikati yake. Mjomba hakuweza kumpigia mama yake gitaa usoni huku mama akiuvuka waya, basi alinyamazisha nyuzi, akavuta miguu, akangoja, kisha akaendelea alipoishia. Mimi kwenye komeo langu niliona ni usumbufu tu, kama bata. Miaka yote hii nimekuwa nikiuimba wimbo ule kichwani moja kwa moja, bila kusimama, kumbe nilikuwa nakosea.

Simu ilikuwa bado inarekodi. Nikavuta miguu yangu chini ya kiti, nikanyamaza. Bibi hakuwa mtu wa haraka. Tukasubiri mpaka apite.